Kumjua mla laktosi wa kivuguto: pesa ziende wapi?

Mudende, kwenye miinuko ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ni nchi ya ng'ombe na viazi, na sehemu ya maziwa yake hunywewa yakiwa kivuguto, yaani maziwa yaliyochachuka. Mnunuzi ambaye maziwa freshi humjaza gesi ana haki ya kuuliza kama kivuguto kitamsaidia. Watu wa namna hiyo si wachache: mwaka 1974 Cox na Elliott walichapisha utafiti wao kuhusu eneo la Ziwa Kivu, Rwanda na Bushi, wakionyesha kwamba watu wazima wa ukanda huo mmoja hutofautiana sana katika kumeng'enya laktosi, sukari ya maziwa. Msaada wa kivuguto unategemea kimeng'enya walicho nacho bakteria wake. Kukitambua kimeng'enya hicho kwa kulinganisha mifuatano ya protini kunaweza kuwa karibu bure, au kumeza bajeti nzima ya chama cha ushirika au ya mwanafunzi.

Kwanza tujue kinachotafutwa. Waliochunguza kivuguto wamekuta Lactococcus lactis pamoja na jamaa za Leuconostoc. Leuconostoc hutumia beta-galaktosidasi, inayoikata laktosi moja kwa moja kuwa glukosi na galaktosi. Lactococcus wa kwenye maziwa kwa kawaida huibandika laktosi fosfati wakati wa kuiingiza ndani ya seli, kisha fosfo-beta-galaktosidasi huikata hiyo iliyobandikwa tu. Laktosi tupu inayoelea tumboni haiguswi. Bakteria wa yogati, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wana kimeng'enya cha aina ya kwanza. Ndiyo maana Kolars na wenzake, mwaka 1984, waliona yogati ikizalisha takriban theluthi moja tu ya hidrojeni ya pumzi, dalili ya laktosi isiyomeng'enywa, iliyotokana na kiasi kilekile cha laktosi ya maziwa. Kuyachanganya majina ya beta-galaktosidasi na fosfo-beta-galaktosidasi kwa kuwa yanafanana ni kumpotosha mgonjwa.

Sasa gharama. Programu za kulipia, zenye leseni ya kila mwaka, zinavutia kwa michoro na vitufe vyake. Kwa kazi hii sizipendekezi. BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano iliyotangazwa mwaka 1990, ni bure, na hesabu yake ni ileile ambayo programu nyingi za kulipia huizungushia sura nzuri. Fosfo-beta-galaktosidasi ya Lactococcus ina amino asidi 468, na LacZ, yaani beta-galaktosidasi ya Escherichia coli, ina 1,024. Ni herufi chache kiasi kwamba hata bando dogo la simu linatosha kuzituma.

Penye kupoteza pesa ni hifadhidata. Asipakue mtu mkusanyiko mzima wa protini zote za NCBI, kituo cha Marekani cha data za kibiolojia. Ni mamia ya gigabaiti. Achukue Swiss-Prot, sehemu ya UniProt ambayo kila ingizo limepitiwa na mtaalamu. Ina maingizo zaidi ya laki tano na nusu, na faili lake lililobanwa linaingia kwenye flash ndogo kabisa. Likishapakuliwa mara moja mjini Gisenyi, kompyuta kuukuu huko juu Mudende inaweza kulisaka bila intaneti. Faida kubwa zaidi ni majina. Katika sehemu isiyopitiwa, majina mengi yametolewa na mashine kwa kufananisha tu, na kosa la mmoja hurithiwa na wengi.

Kufanana nako kuna mitego, na hapa ndipo ningemwomba msomaji atumie muda. Fosfo-beta-galaktosidasi iko katika familia ya vimeng'enya iitwayo GH1, pamoja na vimeng'enya kadhaa vinavyokata sukari nyingine zenye fosfati. BLAST itavileta vyote vikiwa na alama za kuridhisha. Beta-galaktosidasi ya Leuconostoc, iliyo katika GH2, imegawanyika vipande viwili, LacL kikubwa na LacM kidogo. Anayeilinganisha na LacZ ataona ulinganifu wa nusu na kudhani jeni limevunjika, kumbe ni zima. Kwa hiyo asome pia urefu uliofunikwa, kisha apitishe mfuatano kwenye zana ya dbCAN, inayotumia mgawanyo wa familia wa hifadhidata ya CAZy. Nayo ni bure.

Uamuzi mgumu ni wa jenomu. Kupakua jenomu iliyokwisha kuchapishwa hakugharimu kitu, lakini kwa Lactococcus ni akiba ya hatari. Jeni zake za laktosi mara nyingi hukaa kwenye plasimidi, vipande vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, na aina maarufu za maabara, MG1363 na IL1403, zimeondolewa plasimidi zake. Ukizitafuta humo hutazipata, nawe utasema kivuguto hakina mla laktosi. Kama kuna fedha ya jambo moja tu, iende kusoma jenomu ya bakteria waliotengwa kwenye kivuguto chenyewe, pamoja na plasimidi zao.

Fedha ikibaki, inunue ONPG, kemikali inayotoa rangi ya njano ikikatwa na beta-galaktosidasi, ambayo ni rahisi kuliko mwenzake X-gal. Seli hutobolewa kwa toluini ili zisiweze kubandika fosfati, kisha huwekewa ONPG. Rangi ya njano ikitokea, beta-galaktosidasi ipo na inafanya kazi. Isipotokea kwa Lactococcus anayegandisha maziwa vizuri, basi ile ya fosfati ndiyo iliyopo. Maabara ya kawaida ya chuo inaweza kufanya jaribio hili, na mimi nalithamini kuliko leseni yoyote, kwa sababu linapima kitendo badala ya sura.

Ushirika utakaopata njano hafifu, au usiipate kabisa, usiandike kwenye chupa kwamba kivuguto chake kinameng'enya laktosi tumboni. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, katika maoni yake ya mwaka 2010, ilikubali dai hilo kwa yogati yenye angalau bakteria hai milioni 100 wa kianzio chake kwa kila gramu. Mteja mwenye shida ya laktosi auziwe yogati hai ya namna hiyo, na kivuguto kiuzwe kwa ladha yake na kwa laktosi iliyokwisha kupungua wakati wa kuchacha.