Hesabu Zinazoonekana kwa Macho

Kila mwisho wa mwaka padri wa parokia anaandika hesabu kwenye karatasi: waliobatizwa, waliooana, waliokufa, wakatekumeni, watoto wa masomo. Karatasi inakwenda kwa askofu, na mara nyingi sisi wenyewe tulioiandika hatuitazami tena. Tunazani kwamba hesabu ni kazi ya biro tu. Lakini nyuma ya kila hesabu kuna mutu mwenye roho na mwili. Tusipojua kuisoma, shida ya watu tuliopewa kuchunga itapita mbele ya macho yetu bila kuonekana. Kwa hiyo tunataka kueleza hapa namna ya kuonyesha hesabu kwa picha, na ginsi picha hiyo inavyoweza kusema kweli ao kudanganya.

Mutu aliyefungua sana njia hii ni William Playfair, mwenyeji wa Scotland. Mwaka 1786 alitoa kitabu juu ya biashara ya Uingereza, na ndani yake alichora mistari inayopanda na kushuka mwaka kwa mwaka. Lakini kwa Scotland alikuwa na hesabu za mwaka 1781 peke yake, hivi hakuweza kuchora mustari wa miaka mingi. Akachora nguzo: kwa kila inchi iliyofanya biashara na Scotland, nguzo moja ya vitu vilivyoingia na nguzo moja ya vitu vilivyotoka. Mwaka 1801 akachora tena duara iliyokatwa vipande kama mukate. Mustari, nguzo na duara vinatumika hata leo, na kila kimoja kina kazi yake. Mustari unaonyesha kitu kinachogeuka siku kwa siku ao mwaka kwa mwaka. Nguzo zinalinganisha vitu mbalimbali. Duara inaonyesha sehemu za kitu kimoja kizima. Lakini vipande vikiwa vingi, macho yanashindwa kujua kipi ni kikubwa.

Je, faida ya picha hizi ni nini? Tutazame mambo yaliyotokea London mwaka 1854. Mwisho wa mwezi wa nane kolera ilishuka gafula katika mutaa wa Soho, kandokando ya Broad Street. Kabla haijaisha, watu zaidi ya 600 walikuwa wamekufa. Wakati ule waganga wengi walisema kwamba kolera inaletwa na hewa chafu. Munganga John Snow hakukubali. Yeye alisema inaletwa na maji. Akapita nyumba kwa nyumba, akiuliza: Ninyi munateka maji wapi? Akaona kwamba karibu wote waliokufa walikaa karibu na pompi moja ya Broad Street. Akasemezana na wakubwa wa mutaa, nao wakaondoa mukono wa pompi ile tarehe 8 mwezi wa tisa. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua mbele ya siku ile.

Nyuma yake akatoa ramani ili wengine waone. Kwa kila mutu aliyekufa alitia alama nyeusi kwenye nyumba yake. Penye wafu wengi alama zikapandana kama nguzo. Mutu akitazama ramani ile anaona mara moja alama zikikusanyika kando ya pompi. Na penye alama chache panafundisha vilevile. Nyumba kubwa ya kutunza maskini ilikuwa na watu 535, lakini 5 tu walikufa, kwani ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe walipona. Walikunywa pombe yao na maji ya kisima chao.

Kulikuwa na padri musaidizi wa Kanisa la Anglikani katika mutaa ule, jina lake Henry Whitehead. Yeye hakumuamini Snow, akataka kuonyesha kosa lake. Aliwajua watu wake, akaingia nyumbani mwao mara nyingi, akauliza na kuandika. Mwisho hesabu zake mwenyewe zikamugeuza. Tena ni yeye aliyevumbua mwanzo wa mambo: katika nyumba namba 40 mutoto mudogo aliugua mbele ya wengine, na mama yake alitupa maji ya kufulia nepi katika shimo la choo lililokuwa karibu sana na kisima cha pompi. Huyu ni mufano muzuri kwetu. Alipenda ukweli kuliko neno lake la kwanza.

Sasa tuseme juu ya kufupisha hesabu. Tuseme kwamba katika muji mumoja kuna mitaa saba, na hesabu ya wagonjwa ni hii: 4, 5, 5, 6, 7, 8 na 70. Jumla ni 105. Tukigawanya kwa saba tunapata wastani, ndiyo 15. Mukubwa akisoma «wagonjwa 15 kwa kila mutaa», atagawanya dawa sawasawa kwa mitaa yote. Lakini hakuna hata mutaa mumoja wenye wagonjwa karibu na 15! Sita wana wachache, na mumoja unaangamia. Tukizipanga kwa ukubwa na kutwaa hesabu ya katikati, tunapata 6. Hii inatuambia hali ya mitaa mingi, lakini nayo inaficha ile 70.

Kwa sababu hii Mumarekani John Tukey, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alifundisha kuchora kisanduku. Kisanduku kinashika nusu ya katikati ya hesabu: hapa kinaanza 5 na kuisha 8, na mustari wa 6 unakikata ndani. Mikono miwili inatoka kando kufikia hesabu zingine za kawaida. Ile iliyo mbali sana inachorwa peke yake kama nukta. Hivi 70 haiwezi kufichwa: inasimama peke yake mbele ya macho, ikiita musaada.

Lakini tujihazari, kwa maana picha inaweza kusema uwongo. Tuseme mwaka jana watoto 96 walikuja kwa masomo, na mwaka huu 100. Mutu akianza nguzo zake kwa 95 pahali pa sifuri, nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa 1 na ya pili urefu wa 5. Wasomaji watashangilia kama kwamba watoto wameongezeka mara tano. Hesabu ni za kweli, lakini jicho limedanganywa. Nguzo zianze kwa sifuri siku zote, na miaka mibaya isiachwe ili ile mizuri tu ionekane. Amri ya kutosema uwongo inashika kalamu na rula vilevile kama ulimi.

Sisi watu wa inchi za maziwa makubwa tunajua kolera. Mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi kule Goma, na hata leo haijatuacha. Basi, mwanafunzi wa seminari azoee tangu sasa kutwaa karatasi ya miraba na kuchora hesabu anazopewa. Siku moja atakuwa muchungaji, mwenye kutunza buku ya wafu. Akiichora mwezi kwa mwezi, kijiji kwa kijiji, labda ataona mapema pahali ambapo alama zinakusanyika, naye atakwenda kule mbele ya wengine.