Mwanangu Anataka Kuwa Dereva wa Lori

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, mzee mmoja wa kijiji chetu alinifuata shambani. Nilikuwa nikikagua nyanya za wakulima. Nilimwamkia. Aliitikia, lakini hakutaka kukaa. Alisema, "Bwana Shamba, nitafutie mtu wa kununua maksai wangu wawili."

Nilishangaa. Mvua zilikuwa karibu kunyesha. Nani anauza maksai wakati wa kulima? Nilimwuliza sababu.

Alijibu, "Mwanangu anataka kuendesha malori ya Zambia. Yuko mtu mjini atakayempatia leseni ya magari makubwa kwa wiki moja. Hakuna haja ya kwenda chuo. Ni fedha tu zinazotakiwa."

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni nyanya, vitunguu na mahindi. Lakini kijiji chetu kiko karibu na Ilula, Mkoa wa Iringa, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapita hapa. Malori yanapita usiku na mchana. Nimepanda malori hayo mara nyingi pamoja na mizigo ya wakulima, na madereva wamenieleza mengi. Kwa hiyo nilimwomba mzee akae chini ya mti tuzungumze.

BARABARA YENYEWE

Wazee wanaikumbuka barabara hii ilipokuwa ya vumbi. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa ikipitisha mizigo yake mingi huko kusini. Sasa njia hiyo ikawa ya mashaka. Mafuta yakaanza kupelekwa Zambia kwa malori kutoka Dar es Salaam, na malori hayo yakarudi na shaba. Wakati wa masika magari yalizama katika tope. Mengine yalianguka mabondeni. Barabara ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na barabara ikatiwa lami katika miaka ya 1970.

Tope limekwisha, lakini milima iko pale pale. Safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Malori mengi hayaishii hapo. Yanavuka mpaka kwenda Zambia, na mengine yanakwenda mpaka Kongo kuchukua shaba.

MAGUNIA 560

Mzee alisema, "Mwanangu si mgeni wa usukani. Ameendesha trekta la jirani misimu miwili."

Nilimwambia tuhesabu magunia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema lori na mzigo wake vikipimwa pamoja visizidi tani 56. Gunia la mahindi likiwa na kilo 100, tani 1 ni magunia 10. Basi tani 56 ni magunia 560. Fikiri magunia 560 yanateremka mlimani kwa pamoja. Nani atayazuia?

Watu wengi wanadhani kazi ngumu ya dereva ni kupanda mlima. Sivyo. Lori likipanda linakwenda pole pole, na likishindwa linasimama. Kazi ngumu ni kushuka. Sisi wa huku tunaujua mlima wa Kitonga. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde, na kona zinafuatana. Malori yanayotoka Tunduma na shaba yanashuka hapo.

Breki za lori zinafanya kazi kwa upepo. Injini inajaza upepo katika mitungi. Dereva akikanyaga breki, upepo unasukuma vipande vinavyosugua ngoma ya gurudumu. Kusugua kunaleta joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaona. Dereva akikanyaga breki mfululizo toka juu mpaka chini, ngoma zinapata moto sana. Zikipata moto namna hiyo, breki hazishiki tena. Dereva anakanyaga mpaka mwisho, na gari linaendelea kwenda. Akitaka kurudisha gia ndogo amechelewa. Gari limeshika kasi, na gia haikubali kuingia.

Kwa hiyo dereva anayejua kazi anaanza kushuka kabla hajafika kwenye mteremko. Anapunguza mwendo pale juu. Anaingiza gia ndogo mapema. Madereva wa zamani wana kipimo chao: gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Injini ndiyo inayolishika gari. Breki anaigusa kidogo, kisha anaiachia ipoe.

Wako wengine wanaoondoa gia kabisa ili gari literemke lenyewe. Wanataka kubana dizeli. Dizeli inayobaki wanaiuza kwa vidumu kando ya barabara, na tajiri hajui. Huo ni wizi. Tena mtu huyo anauza breki zake mwenyewe.

NDAMA NA MAKSAI

Mzee alinyamaza. Nikamwuliza, "Mzee, ndama anayeanza kulima unamfunga nira na nani?"

Alijibu upesi, "Na maksai mzee. Ukiwafunga wageni wawili watavunja jembe." Kisha akacheka, maana aliona ninakotaka kumpeleka.

Tulikubaliana kijana aanze kama utingo. Yuko dereva mmoja wa makamo ambaye husimama kijijini kwetu kununua vitunguu vya nyumbani kwake. Tulizungumza naye, naye akazungumza na tajiri wake. Kijana akapokelewa.

Kazi ya utingo haina sifa. Anafunga turubai. Anagonga tairi kwa kipande cha mti na kusikiliza kama lina upepo wa kutosha. Anaweka kabari gari linaposimama mlimani. Gari likiharibika anaweka alama za pembetatu zinazong'aa usiku, mbele na nyuma. Wengine wanaweka mawe na matawi, halafu wanaondoka na kuyaacha barabarani. Mwenye pikipiki akija usiku anayakuta. Usiku utingo analala chini ya tela akilinda mzigo. Posho yake ni ndogo. Lakini anaona kila siku mwenzake anavyofanya, na hakuna mahali pengine anapoweza kuona hivyo.

Jambo moja nilimkataza kijana mbele ya baba yake. Dereva akichoka usiku, anaweza kumwambia utingo ashike usukani kidogo. Utingo asiye na leseni asikubali. Dereva aliyechoka aegeshe gari alale. Usingizi hauondolewi kwa kahawa wala kwa kufungua dirisha.

LESENI NA MKATABA

Maksai hawakuuzwa. Kijana alikuwa utingo kwa mwaka mzima. Baada ya mavuno mzee aliuza magunia ya mahindi, na kijana akaenda chuo cha ufundi cha VETA kujifunza udereva. Alianza na leseni ya kujifunzia. Leseni ya malori makubwa ni ya daraja E, na haipatikani kwa hatua moja. Mtihani unasimamiwa na askari wa usalama barabarani. Yule mtu wa mjini alikuwa anauza karatasi. Karatasi hiyo haijui mahali pa kubadilisha gia.

Kijana akipata kazi, aulize habari ya mkataba. Mwezi wa Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini kote, na mikataba ya kazi ilikuwa moja ya madai yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Yasome kabla ya kutia sahihi. Mshahara ni kiasi gani, mbali na posho ya safari? Siku za kungoja mpakani zinalipwa vipi? Gari likizidi uzito kwenye mizani, faini ni ya nani? Michango ya NSSF inapelekwa? Dereva asiyeuliza hayo atayajua siku akiwa amelala hospitali.

Mama wa kijana alikuwa na swali lake, naye hakulisema mbele ya wanaume. Alimwambia mke wangu. Aliogopa UKIMWI. Hofu hiyo ni ya haki. Dereva anakaa wiki nyingi mbali na nyumbani, na anangoja siku nyingi Tunduma na Kasumbalesa, ambako fedha iko mfukoni na kazi haipo. Kijana alikwenda kupima, na anabeba kondomu. Anayo pia kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, maana bila hiyo anaweza kuzuiwa mpakani.

Na sisi tunaokaa kando ya barabara tuna sehemu yetu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Dereva anayewafukuza watu mbali na lori lililoanguka hawanyimi kitu. Tumsaidie kuwafukuza.

SAFARI YA MWEZI ULIOPITA

Kijana bado hajapewa lori la Zambia. Anaendesha gari la tani tatu linalopeleka nyanya Dar es Salaam. Rafiki zake wengine wameshashika malori makubwa, nao wanamcheka. Baba yake pia ameniuliza mara mbili, "Bado tu?"

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya kwenda Ruaha Mbuyuni kuwaona wakulima wa vitunguu. Nilipanda gari lake. Juu ya Kitonga alisimama kando. Alishuka, akagonga tairi moja moja, akaangalia kamba za matenga. Abiria mwenzangu alinung'unika kwamba tunachelewa. Kijana hakujibu. Aliingiza gia ndogo, tukaanza kushuka. Katikati ya mlima lori kubwa lilitupita, na harufu ya breki ikajaa ndani ya gari letu. Kijana alilisogeza gari pembeni kidogo akaliacha lipite.

Tulifika chini salama. Aliposimama kunishusha, alikwenda nyuma akasogeza kiganja karibu na gurudumu.

"Vuguvugu tu, Bwana Shamba," alisema. Akapanda, akaendelea na safari ya Dar es Salaam.