Chumba, Mkeka na Uani: Uchache wa Vitu katika Nyumba za Kariakoo

Utangulizi

Kwa zaidi ya karne moja wasanifu wengi wa majengo na wa vyombo, huko Ulaya, Marekani na Japani, wamefundisha kwamba nyumba ipunguziwe vitu na mapambo hadi kibaki kile tu chenye kazi. Mtindo huo huitwa minimalizimu. Katika makala hii tutauita uchache. Mafundisho hayo yamefika kwetu pia. Vijana wanaojiandaa kufunga ndoa huona picha za vyumba vyeupe vyenye kiti kimoja na ua moja, na huenda wakamwuliza mchungaji kama huo si ndio mfano wa kiasi impasacho Mkristo. Swali hilo ni halali, wala halijibiwi kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Tunakusudia kulitazama kwa kuchunguza mahali ambapo watu wengi wameishi na vitu vichache bila kuuita mtindo, yaani Kariakoo, Dar es Salaam. Hoja yetu ni kwamba uchache haupimwi kwa hesabu ya vitu vilivyoondolewa, bali kwa kuuliza nafasi iliyobaki ni ya nani.

Chimbuko la fundisho

Mwaka 1910 msanifu Adolf Loos wa Austria alitoa mhadhara dhidi ya mapambo. Alidai kwamba mapambo hupoteza kazi ya fundi na mali ya mnunuzi. Hata hivyo, hoja yake ilikuwa na upande wa pili: aliwataja watu wa Papua wanaojichora miili kama mfano wa binadamu ambaye bado hajafikia ustaarabu. Mwaka 1919 ilianzishwa katika mji wa Weimar, Ujerumani, shule ya Bauhaus, ambayo ilifungwa mwaka 1933. Humo walitafuta viti, taa na vyombo vya umbo sahili ambavyo viwanda vingeweza kuvitengeneza kwa wingi. Baadaye Dieter Rams, aliyesanifu redio na vyombo vingine vya kampuni ya Braun, alifundisha kwamba usanifu bora ni ule unaoingiza kidogo iwezekanavyo.

Hivyo basi, fundisho hili lina chemchemi mbili. Moja ni nia njema ya kuwapatia watu wengi vitu vizuri na imara. Nyingine ni jicho linalodharau mapambo ya wengine. Yafaa msomaji azitenganishe.

Nyumba ya Kiswahili

Jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Wajerumani kuondolewa mjini mwaka 1916. Katika miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati ya Uhindini na Kariakoo. Kwa hiyo ufinyu wa Kariakoo haukutokana na ladha ya wakazi wake. Ulitokana na ramani iliyochorwa na wengine.

Nyumba iliyoenea katika viwanja hivyo ilikuwa ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Mlango hufungukia ukumbi mwembamba unaonyooka hadi uani, na kwa kawaida kuna vyumba vitatu kila upande. Uani kuna jiko, bafu na choo, navyo ni vya wote. Mara nyingi mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na kila chumba kilichobaki hupangishwa, pengine kwa familia nzima.

Katika chumba kimoja kila kitu hulazimika kufanya kazi zaidi ya moja. Mkeka wa ukili ni kiti mchana, ni meza wakati wa chakula, ni kitanda cha watoto usiku. Asubuhi hukunjwa na kusimamishwa pembeni, na chumba huwa kipana tena. Mbuzi ya kukunia nazi ni kibao cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno katika chombo kimoja, na ikikunjwa huingia chini ya kitanda. Mafundi wa Gerezani, jirani na soko, hutengeneza majiko ya mkaa kwa mabati yaliyokwisha kutumika. Tunaamini Rams mwenyewe angevisifu vyombo hivi.

Lakini Loos asingeielewa kanga. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Ina pindo, mji na jina. Kwa kanga mama humbeba mtoto, hujifunika, hugawa chumba kama kwa pazia, na hutoa zawadi au rambirambi. Pambo lake halikuongezwa juu ya kazi, maana jina la kanga husema kile ambacho mdomo umeshindwa kusema. Hapa pambo lenyewe ni kazi.

Chumba hakijitegemei

Mtu akiingia katika chumba hicho na kuvihesabu vitu atasema ni vichache. Hata hivyo hatakuwa amevihesabu vyote. Kinu kiko uani, nacho ni cha jirani. Moto na maji viko uani, wageni hupokelewa barazani, na ghala la chakula ni soko. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilishuhudia jambo hilo hilo kwa zege: miavuli mikubwa iliyogeuzwa, bila urembo wa kubandika, ikitoa kivuli na kupitisha hewa juu ya wauzaji na wanunuzi. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza, na athari yake haikuishia kwa wafanyabiashara. Wale ambao soko lilikuwa kabati lao nao waliguswa.

Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi za Kiswahili zimebomolewa kupisha maghorofa. Ghorofani hakuna baraza wala uani. Kila mlango sasa huhitaji jokofu lake, makochi yake na chombo chake cha kusagia. Wingi wa vitu, basi, hauletwi na tamaa peke yake; huletwa pia na kukosa jirani wa kumwazima.

Uchache si ukosefu

Hapa tunapaswa kuonya. Chumba kitupu cha mtu aliyenacho na chumba kitupu cha mtu asiyenacho hufanana pichani tu. Aliyenacho ametoa kitu akijua kwamba akikihitaji atanunua kingine. Asiyenacho hununua mafuta kwa kipimo kidogo kila jioni, na mwisho wa mwaka amelipa zaidi kuliko aliyenunua dumu zima. Wengi wetu twakumbuka foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, watu walijaza makabati kwa sahani za wageni, wakafunika makochi kwa vitambaa. Tusiwacheke. Kabati lililojaa lilikuwa ushuhuda kwamba njaa ya vitu imepita.

Neno kwa watumishi

Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza mkate wa kila siku alitaja pia mavazi, viatu na nyumba. Hakusifu ukosefu. Vilevile mwaka 1522, sanamu zilipokuwa zikiondolewa makanisani Wittenberg, alirudi na kuhubiri kwamba mambo kama hayo hayalazimishwi kwa nguvu, kwa kuwa moyo hutangulia. Basi tusiingie katika nyumba za washarika kuhesabu vitambaa.

Kielelezo chetu kiko katika 2 Wafalme 4:8-10. Mwanamke wa Shunemu alitengeneza chumba chenye vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Uzuri wa chumba hicho hauko katika idadi hiyo, bali katika kwamba kila kimoja kiliwekwa kwa ajili ya mgeni. Kwa hiyo katika mafundisho ya ndoa yatosha kuuliza juu ya kila kitu: kitafanya kazi ngapi, na nani mwingine atakitumia?

Mwisho, swali hili latugusa sisi wenyewe. Usharika uliozungukwa na maghorofa mara nyingi una kiwanja, kivuli na mabenchi. Lango lake likifungwa Jumatatu hadi Jumamosi, tutakuwa tunawahubiri watu kuishi na vichache huku tukiwanyima uani.