Unataka podikasti ya vipodozi vyako? Anza na ngozi ya msikilizaji

SAA tatu usiku. Vyombo vimeshaoshwa, mtoto mdogo amelala, na mama ameketi sebuleni akifunga sabuni za mwarobaini za wateja wa kesho. Ni picha inayojulikana katika nyumba nyingi: biashara ya vipodozi iliyoanzia jikoni, ikakua kwa picha za Instagram na oda za WhatsApp. Sasa picha zimeanza kumchosha, na shoga yake kamshauri ajaribu kitu kingine, aanzishe podikasti.

Ushauri wenyewe si mbaya. Picha mtu huitazama sekunde mbili akapita. Sauti hukaa nayo nusu saa nzima, akiwa anapika, anasuka nywele au amebanwa kwenye daladala. Haihitaji macho wala mikono, na kwa mama mwenye mtoto mgongoni hilo ni jambo kubwa.

Lakini akishabonyeza kitufe cha kurekodi, mama huyo hauzi tena sabuni peke yake. Anakuwa mshauri wa ngozi za watu asiowaona. Miongoni mwao yupo binti wa miaka 13 aliyetokwa na chunusi zake za kwanza, na yupo mzazi mwenye kichanga chenye upele ambaye zahanati iko mbali na simu iko karibu. Watamwamini, kwa sababu sauti ya mtu anayezungumza taratibu sikioni haifanani na tangazo.

Sabuni na redio ni marafiki wa zamani

Kampuni kubwa zilishalielewa hilo. Mwaka 2018 kampuni ya Sephora, yenye maduka ya vipodozi katika nchi nyingi, ilishirikiana na Girlboss kutoa podikasti iliyoitwa #LIPSTORIES. Wanawake walioanzisha biashara waliketi na kusimulia maisha yao, na rangi za midomo za jina hilohilo zilikuwa pembeni ya mazungumzo. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Mmarekani Emily Weiss alianzisha blogu ya Into The Gloss, akiwauliza wanawake wanapaka nini na kwa nini. Miaka minne baadaye, mwaka 2014, ndipo akaanza kuuza bidhaa zake mwenyewe kwa jina la Glossier. Mazungumzo yalitangulia, chupa zikafuata.

Wala si mbinu ya kizazi hiki. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilidhamini mchezo wa redio wa Ma Perkins ili kuuza sabuni yake ya unga ya Oxydol. Mchezo ulirushwa mchana, wakati akina mama wa nyumbani wako kwenye kazi zao. Michezo ya aina hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani waite tamthilia za mfululizo kwa jina la sabuni, na jina hilo halijatoka hadi leo. Kwa hiyo anayedhani podikasti ya sabuni ni uvumbuzi amechelewa kama miaka 90.

Hapa Tanzania ushahidi wa nguvu ya sauti tunao wenyewe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba ujumbe wa uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Wengi wenye umri wa kulea wajukuu leo wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori aliyependa wanawake kila kituo. Kwa takriban miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, na watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha. Waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi katika maeneo uliposikika.

Ikiwa hadithi ya redio inaweza kumfikisha mtu kliniki, basi hadithi nzuri ya mteja aliyeng'aa inaweza pia kumfikisha binti dukani kununua asichokijua. Hapo ndipo mwenye podikasti anapaswa kusimama na kufikiri kabla ya kuchagua jina la kipindi na muziki wa kufungulia.

Mkorogo hauji na jina lake

Hakuna anayefungua kipindi kwa kusema leo tutazungumzia mkorogo. Husemwa kung'arisha, kusawazisha rangi, kuondoa mabaka, kurudisha rangi ya utotoni. Maneno hayo yanaweza kufunika bidhaa salama, na yanaweza kufunika zebaki.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi asilia inayotukinga na jua. Weupe huonekana kweli, na ndiyo maana watu hurudi kununua. Lakini zebaki hupenya ngozi na kuingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kuwa huharibu figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito hufika hadi kwa mtoto tumboni. Na kwa familia kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: haibaki kwa aliyepaka. Hushika kwenye taulo, shuka na mikono, ikamfikia mtoto anayebebwa na kulala kitanda kimoja na mama.

Haidrokwinoni nayo, ikitumika muda mrefu bila usimamizi wa daktari, inaweza kugeuza kila kitu: mtu aliyetaka weupe anabaki na mabaka meusi yenye rangi ya bluu mashavuni, na hayo ni magumu mno kuondoa. Halafu kuna krimu zenye steroidi kali kama clobetasol. Hizi ni dawa, zina kazi yake hospitalini. Zikipakwa usoni kila siku kama losheni hufanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi na chunusi zisizoisha. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ngozi yake ni laini na eneo lake ni kubwa ukilinganisha na uzito wa mwili, hivyo dawa nyingi huingia ndani.

Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama kuachana ifikapo 2020 na vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 wanachama walikubaliana kuondoa hata kiwango hicho, ili kuanzia 2025 kipodozi chochote kilichoongezwa zebaki kisiruhusiwe. Nchini, usimamizi wa vipodozi ulihama mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Sheria zipo. Masoko yetu nayo yapo, na kila mmoja anajua yanauza nini.

Neno moja linalogeuza kipodozi kuwa dawa

Mama wa sabuni za mwarobaini hachanganyi zebaki, na pengine anaona hayo yote hayamhusu. Yanamhusu kwa njia nyingine. Sabuni inayosafisha na kuiacha ngozi laini ni kipodozi. Akisema sabuni hiyohiyo inatibu fangasi, ukurutu au pumu ya ngozi, ameshatangaza dawa, na dawa husimamiwa na TMDA, huhitaji usajili na ushahidi. Kwenye mazungumzo ya nusu saa, neno "inatibu" hutoka lenyewe, hasa mgeni akiwa mchangamfu.

Shuhuda za wateja ndizo ngumu zaidi. Mteja anasema mabaka ya miaka mitano yameisha kwa siku tano. Ngozi ya juu hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja, hivyo badiliko la siku tano linapaswa kumshtua mwenye kipindi badala ya kumfurahisha. Ama mteja anatia chumvi, ama kuna kitu kingine anapaka. Swali la haki la kumuuliza palepale, maikrofoni ikiwa wazi, ni nini kingine alitumia wakati huo. Kama hakuna jibu, sehemu hiyo ikatwe.

Neno "asilia" nalo linapewa sifa lisizostahili. Maji ya limau ni asilia. Ukiyapaka usoni ukatoka juani, yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi kwa wiki au miezi. Dawa ya meno juu ya chunusi haina hata uasilia wa kujitetea, lakini bado inashauriwa kila kona.

Je, abaki na nini cha kuzungumza? Kingi sana. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaotengeneza sabuni za mwani wana hadithi nzima ya bahari, kupwa na kujaa, kabla hata ya kugusa bei. Kule Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, kilichoanzishwa mwaka 1992, hutengenezwa losheni ya kujikinga na jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto mwenye ualbino asiyekingwa na jua anaweza kupata saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Kipindi kimoja kuhusu kofia pana, mikono mirefu na losheni hiyo kina manufaa kuliko vipindi kumi vya kung'arisha. Na mtaalamu wa ngozi akialikwa, aachwe aseme hata lisilompendeza mwenye bidhaa.

Simu, kabati la nguo na bando

Vifaa visimtishe mtu. Simu ya kawaida inatosha kuanzia, ikiwekwa karibu na mdomo, feni imezimwa. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu kitatoa mwangwi. Mbele ya kabati la nguo lililofunguliwa sauti hutulia. Jogoo wa jirani hana dawa, labda kurekodi usiku.

Kwa wasikilizaji wetu jambo la kuhesabu ni bando. Kipindi cha dakika 30 kilichohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ubora unaotosha mazungumzo, hakifiki MB 15. Kikiongezwa mara mbili ubora, kinakaribia MB 29, na msikilizaji wa kawaida hatasikia tofauti inayolingana na gharama. Kipande cha dakika mbili kwa WhatsApp kitawafikia wasiojua podikasti hupatikana wapi.

Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu mwaka 2018, zilizofanyiwa mabadiliko baadaye, na baadhi ya huduma huhitaji leseni. Ni vema kuuliza TCRA kabla ya kipindi cha kwanza. Wimbo wa Bongo Fleva wa kufungulia kipindi nao una mwenyewe, na ruhusa yake hutafutwa kwanza.

Halafu, watoto. Ni kishawishi kikubwa kumtumia mwanao kama mfano, ukurutu wake ulivyokuwa na ulivyo sasa. Atakapofika kidato cha pili wenzake watakuwa na simu, na kipindi kitakuwa bado kipo.

Kwa mzazi mwenye msikilizaji ndani

Huko Marekani na Ulaya, kuanzia mwishoni mwa 2023, wazazi na madaktari wa ngozi walianza kulalamika kuhusu watoto wa miaka 10 hadi 12 wanaojaa kwenye maduka ya vipodozi kutafuta krimu za kuzuia uzee, zenye retinoli na asidi zinazoweza kuwasha na kubabua ngozi changa. Kampuni moja ya maduka ya dawa nchini Sweden, Apotek Hjärtat, ikaamua mwaka 2024 kutowauzia walio chini ya miaka 15 bila idhini ya mzazi. Watoto hao hawakuambiwa na madaktari kwamba wanazeeka.

Kumpokonya binti simu hakusaidii sana. Kusikiliza naye kipindi kimoja hadi mwisho kunasaidia, halafu muulizane maswali mawili: nani amelipia kipindi hiki, na msemaji anajuaje anachosema? Mtangazaji mwaminifu atakuwa amejibu la kwanza ndani ya dakika ya kwanza, kwa kusema waziwazi kuwa bidhaa ni yake.

Kisha mnaweza kwenda bafuni. Geuzeni kila kopo na kusoma nyuma. Majina ya kutafuta ni mercury, calomel, mercurous chloride, Hg, hydroquinone na clobetasol. Onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au vito pia ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia madini hayo. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lenye lebo iliyobandikwa juu ya lebo nyingine, liwekwe pembeni pamoja na hayo, mbali na mtoto.

Na yule mama wa mwarobaini, kama bado anatafuta mada ya kipindi cha kwanza, zoezi hilo la bafuni lichukue dakika 12, aanze na makopo yake mwenyewe.