Kichwa cha Silinda Kipimwe Kwanza

Motokaa ikichemka kwa kukosa maji, fundi mwenye haraka hubadili gasketi tu, na baada ya safari chache maji huvuja tena. Twapenda kuwaeleza wenye magari sababu yake. Katika injini nyingi kichwa cha silinda ni cha alumini na bloku ni ya chuma. Nayo alumini hutanuka kwa moto karibu mara mbili ya chuma, hata kichwa hupinda.

Basi kioshwe, kisha ilazwe juu yake rula ya chuma iliyonyoka, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe, na chini yake lipenyezwe bamba jembamba la kupimia. Waundaji wengi hawaruhusu upindo kuzidi 0.05 mm au 0.1 mm. Pili, njia za maji zizibwe, kijazwe upepo na kuzamishwa katika maji ya moto: mapovu yakitoka, pana ufa, nao mara nyingi huwa kati ya viti vya vali.

Kikiwa kizima, ndipo mashine ikikwangue, wala isipite kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Kikikwanguliwa mno, mgandamizo huzidi, na vali zaweza kugonga pistoni. Mwenye gari na aulize vipimo kabla ya kutoa fedha yake.