Pembe Sita za Sayari Ndogo: Mlango Mwembamba wa Vijana Watafiti

Tarehe 1 Januari, 1801, mwanafalaki Giuseppe Piazzi, akiwa mjini Palermo katika kisiwa cha Sicilia, aliona nukta ya nuru ambayo haikuwamo katika orodha yake ya nyota. Usiku uliofuata nukta hiyo ilikuwa imesogea. Piazzi aliifuata kwa darubini hadi tarehe 11 Februari. Kisha ikapotelea katika mng'ao wa Jua. Wanafalaki wa Ulaya wakabaki na vipimo vichache na swali zito: kitu hicho kitafutwe wapi angani kitakapojitokeza tena?

Jibu lilitolewa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, kwa kalamu na karatasi. Tarehe 31 Desemba mwaka uo huo, Franz Xaver von Zach alielekeza darubini yake karibu na mahali alipotabiri Gauss, akaikuta nukta iliyopotea. Ndiyo sayari ndogo iitwayo Ceres.

Hesabu hiyo haikuachiwa wataalamu peke yao. Kila mwaka, katika likizo ndefu ya miezi ya Juni hadi Agosti, wanafunzi wa sekondari hukusanyika katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani ili waifanye wenyewe. Mafunzo hayo huitwa Summer Science Program.

Chanzo cha Mafunzo

Tarehe 4 Oktoba, 1957, Umoja wa Kisovyeti ulirusha Sputnik, chombo cha kilo 83.6 kilichoizunguka Dunia kwa muda wa dakika 96 hivi. Wamarekani walishtuka, wakaanza kujiuliza iwapo shule zao zilikuwa zikiwafundisha vijana sayansi ya kutosha. Miongoni mwa majibu yaliyotolewa ni mafunzo haya, yaliyoanza mwaka 1959 katika shule ya Thacher, mjini Ojai, California.

Katika fani ya falaki, wanafunzi hufanya kazi kwa vikundi vya watu watatu. Kila kikundi hupewa sayari ndogo moja ipitayo karibu na Dunia, na kwa takriban majuma matano hujifunza fizikia, hesabu na uandishi wa programu za kompyuta kwa kadiri kazi yenyewe inavyodai. Miaka ya karibuni zimeongezwa fani nyingine, kama vile biokemia.

Namna Hesabu Inavyofanyika

Kikundi hupiga picha za anga kwa darubini katika nyakati mbalimbali. Nyota hubakia mahali pake. Nukta iliyosogea ndiyo sayari ndogo. Kwa kulinganisha nukta hiyo na nyota ambazo mahali pake panajulikana, wanafunzi hupata pembe mbili zinazoonyesha mahali pake angani, kama vile latitudo na longitudo zinavyoonyesha mahali pa mji juu ya ramani.

Ugumu uliopo ni kwamba pembe huonyesha uelekeo tu, wala hazisemi umbali. Ndege aonekanaye juu ya mwembe huenda yu karibu nao, huenda yu mbali sana nyuma yake. Lakini ili kuijua njia ya sayari ndogo kuzunguka Jua zahitajika namba sita: mbili za ukubwa na umbo la njia, tatu za namna njia ilivyolala angani, na moja ya kuonyesha sayari iko sehemu gani ya njia hiyo. Kila kipimo hutoa pembe mbili. Kwa hiyo vipimo vitatu hutoa sita. Hapo ndipo ilipo hekima ya njia ya Gauss: mwanafunzi hukadiria umbali, hukokotoa, husahihisha makadirio yake, kisha hurudia mpaka namba zisibadilike tena. Hata mwendo wa nuru hapana budi uhesabiwe, kwa kuwa nuru ya Jua hutumia dakika 8 na sekunde 20 hivi kuifikia Dunia.

Njia ikiisha kujulikana, mengine hufuata. Umbali wa wastani wa Ceres kutoka Jua ni mara 2.77 ya ule wa Dunia. Kwa kanuni ya tatu ya Kepler, 2.77 huzidishwa kwa kipeuo chake cha pili. Jibu hupata kama 4.6, nayo ndiyo miaka ambayo Ceres hutumia kulizunguka Jua mara moja.

Vipimo vya wanafunzi hupelekwa Minor Planet Center, Cambridge, Massachusetts, ambako hukusanywa habari za sayari ndogo kutoka duniani kote. Haja yake si ya kinadharia tu. Tarehe 15 Februari, 2013, jiwe la upana wa meta 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na zaidi ya watu 1,000 wakajeruhiwa. Hakuna aliyeliona likija, kwa sababu lilitokea upande wa Jua.

Mlango Mwembamba

Waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Hali ni hiyo hiyo katika Research Science Institute, mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 1984 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika chuo cha MIT: maelfu huomba, na wapatao mia moja tu huchaguliwa. Mwombaji hutakiwa kuleta matokeo yake ya masomo, insha alizoandika mwenyewe na barua za walimu wake.

Alama nzuri ni lazima, ila wenye alama nzuri ni wengi. Hazitoshi kumtenga mmoja na mwingine. Kwa hiyo insha na barua hubeba uzito mkubwa. Tuseme mwalimu mmoja ameandika kwamba mwanafunzi wake ni hodari, mtiifu na mwenye bidii. Barua hiyo yaweza kumfaa mwanafunzi yeyote. Mwalimu mwingine ameeleza jinsi mwanafunzi wake alivyopima kwa majuma matatu maji yanayopungua katika pipa la shule, akaona siku moja namba isiyolingana na nyingine, akakataa kuifuta, mpaka akagundua kwamba siku hiyo rula ilikuwa imeinama. Barua ya pili yaonyesha mtu. Yaonyesha pia tabia ile ile itakayohitajika usiku mawingu yatakapofunga anga, au hesabu ya kurasa nyingi itakapogoma kwa sababu ya alama moja ya kutoa iliyosahauliwa.

Vivyo hivyo kwa insha. Kijana anayeorodhesha tuzo zake husema alichopata. Anayeeleza swali lililomsumbua husema anavyofikiri. Na insha iliyotungwa na mtu mwingine humpeleka mwombaji mahali ambapo mtungaji hatakuwapo kumsaidia.

Wengi wao watakataliwa, wakiwamo wenye uwezo kamili. Yafaa mwalimu awaeleze mapema kwamba barua ya kukataliwa hueleza uchache wa viti, wala si hukumu juu ya akili ya mtu.

Tena swali lenyewe halina mlango. Ngumi iliyofungwa, mkono ukiwa umenyooshwa, huziba takriban digrii 10 za anga. Kwa kipimo hicho na daftari, wanafunzi waweza kuandika kila juma mahali ilipo Mirihi miongoni mwa nyota, kwa muda wa miezi miwili, kisha wachore njia yake na kutabiri itakuwa wapi juma la tisa. Utabiri ukikosea, watafute sababu. Ceres nayo ilipatikana kwa vipimo vichache vya mahali pa nukta moja miongoni mwa nyota.