Noti ya milioni tano: feza iliyokataliwa sokoni

Wazazi wetu wanaikumbuka bado noti ya zaire 5.000.000. Ilitoka mwisho wa mwaka 1992, na picha ya Mobutu juu yake kama noti zingine za wakati ule. Hesabu ilikuwa kubwa, lakini hata siku za kwanza noti nzima haikufika dola 3.

Serikali ilikuwa imekosa mapato. Shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka sana, misaada ya inje imekatwa, na uporaji wa mwezi wa 9, 1991 ulikuwa umevunja biashara nyingi. Lakini wanajeshi na wafanyakazi walipaswa kulipwa, basi makaratasi yakachapwa. Feza ikiongezeka na vitu haviongezeki, bei inapanda. Bei ikipanda, kunatafutwa noti kubwa zaidi.

Étienne Tshisekedi, Waziri wa Kwanza aliyechaguliwa na Konferensi ya Kitaifa, alisema noti hiyo si halali, akaomba raia waikatae. Mobutu alitaka ipokelewe. Mwezi wa kwanza 1993, wanajeshi walilipwa nayo. Walipoenda kununua chakula katika Kinshasa, wachuuzi wakakataa. Mwanajeshi mwenye njaa, bunduki mkononi, na mshahara usionunua kitu: kilichofuata ni uporaji na mauaji. Raia wengi walikufa, hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa.

Mwezi wa 10 mwaka ule ule, zaire zote za zamani zilianza kuondolewa. Zaire mpya moja ilibadilishwa na milioni 3 za zamani. Sufuri zilipunguzwa, lakini mashine ya kuchapa haikusimama.

Kasaï wao walikataa mara mbili: kwanza noti ya milioni tano, kisha zaire mpya. Waliendelea kuuziana na noti za zamani, hata zilizochakaa. Na kwa kuwa hakuna aliyechapa zingine, hazikuongezeka, basi thamani yake haikuanguka sana.

Tofauti ilionekana tarehe 30/06/1998, franka ya Kongo ilipoingia. Kasaï, zaire milioni 14 za zamani zilitoa franka moja. Kwingine, hizo milioni 14 zilikuwa zimekwisha kugeuka zaire mpya zisizofika hata tano, na ili kupata franka moja mtu alipaswa kuleta zaire mpya 100.000.